Sindano ya kupunguza unene haigusi mafuta, inagusa hamu

Mwaka huu wa 2026, haki ya pekee ya kutengeneza semaglutidi, dawa iliyo ndani ya sindano za Ozempic na Wegovy, inafika mwisho katika nchi kadhaa kubwa, India na China zikiwemo. Viwanda vya India, ambavyo hutuletea sehemu kubwa ya dawa za bei nafuu tunazonunua Kenya, vimejiandaa kutoa za kwao. Kabla ya hapo, Septemba 2025, Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kundi hili katika orodha yake ya dawa muhimu, na Desemba mwaka huo huo likatoa mwongozo wake wa kwanza wa kuzitumia kutibu unene wa kupindukia. Kitu ambacho mpaka juzi kilikuwa hadithi ya mastaa wa Marekani kinasogelea rafu za maduka ya dawa ya Kisumu, Kakamega na Nakuru. Mazungumzo yametangulia mzigo. Huku kwetu kando ya ziwa nayasikia kwa sura mbili: wapo wanaosema hii ni dawa ya kuyeyusha mafuta, unadungwa na tumbo linakwisha, na wapo wanaosema ni mchezo wa wenye pesa waliochoka kutembea.

Pande zote mbili zimekosea pale pale. Dawa hii haiyeyushi mafuta, wala haimpi mtu nidhamu ambayo hakuwa nayo. Inapunguza hamu ya kula, basi, na kupungua kwa uzito kunafuata kutoka hapo. Ukilielewa hilo, lawama ya uvivu inaanguka, lakini pia shangwe inapungua, kwa sababu mtu ambaye hamu yake imepungua kwa kiasi kikubwa bado lazima ale kitu, na hicho kidogo anachokula ndicho kitakachoamua kama atapona au atadhoofika. Kwa mkoa ambao sahani yake ni ugali kwanza na mengine baadaye, hilo si jambo dogo. Hiyo ndiyo mada ninayodhani inakosekana katika kelele zote hizi.

Tuanze na utaratibu wenyewe. Chakula kinapofika sehemu ya chini ya utumbo, seli za humo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo huiambia kongosho itoe insulini, inayoshusha sukari ya damu, hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula, na hupeleka habari kwenye ubongo kwamba mwili umepokea cha kutosha. Ya asili haidumu. Huvunjwa ndani ya dakika mbili hivi. Kazi ya wanasayansi ilikuwa kutafuta inayofanana nayo lakini isiyovunjika upesi, na ya kwanza ilitokana na mate yenye sumu ya mjusi mkubwa wa majangwa ya Marekani, Gila monster, ambayo yalichunguzwa na daktari wa New York, John Eng. (Wanaodai kwamba dawa ya kenge na mjusi ni ushirikina wa waganga wetu, hapo wana la kufikiria.) Dawa iliyozaliwa na uchunguzi huo iliidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa wagonjwa wa kisukari aina ya pili, ikidungwa mara mbili kwa siku. Semaglutidi ilikuja 2017, na hiyo hukaa mwilini kiasi kwamba baada ya wiki nzima karibu nusu yake ingali inafanya kazi. Ndiyo maana sindano ni moja kwa wiki. Mwaka 2021 Marekani iliiruhusu kwa kipimo kikubwa zaidi kutibu unene, na tirzepatidi, ambayo huiga homoni mbili badala ya moja, ikafuata kwa kisukari mwaka 2022 na kwa unene mwaka 2023.

Watu wengi hudhani njaa ni jambo la tumbo tupu. Ingekuwa hivyo, hakuna mtu angenunua mandazi dakika kumi baada ya kumaliza samaki mzima pale Dunga, ufuoni Kisumu. Kuna njaa ya mwili kuhitaji nguvu, inayosimamiwa na sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi. Na kuna ule mvuto mwingine unaoamshwa na harufu ya mafuta yanayochemka, na kibanda cha chipsi ulichozoea kukipita jioni, na soda baridi saa nane mchana, ambao unatembea katika njia za ubongo zinazohusika na starehe na mazoea. Dawa hizi zinagusa zote mbili. Katika utafiti mmoja mdogo lakini wa makini uliochapishwa 2017, watu 30 wenye unene walipewa semaglutidi kwa majuma 12, kisha wakaachwa wale watakavyo. Kwa siku nzima walikula pungufu kwa asilimia 24 hivi kuliko walipopewa dawa bandia, yaani sindano isiyo na dawa ndani. Waliripoti kwamba vyakula haviwavuti kama zamani, na vile vya mafuta mengi vilipoteza mvuto zaidi. Na hapa ndipo pa kuwekea alama: kasi ya mwili kutumia nguvu wakati wa kupumzika haikupanda. Hakuna kilichochomwa. Walikuwa wanakula kidogo, na kula kidogo hakukuwaumiza kama kunavyoumiza siku zote.

Shemeji yangu mwenye kisukari, aliyeandikiwa sindano hii na daktari wake, alinieleza kwa namna ambayo vitabu haviwezi. Alisema hakuacha kupenda chapati; aliacha kuiwaza. Zamani, akiwa kazini, saa nne asubuhi kichwa kilianza kumuuliza watakula nini mchana, na akishakula mchana kikamuuliza habari ya chai ya saa kumi. Siku moja akashtuka saa nane imefika na hajaulizwa. "Shemeji," akaniambia, "nilidhani kila mtu anaishi na hayo maswali." Mimi naishi nayo kidogo tu, na kabla ya siku hiyo nilikuwa nimehesabu tofauti yetu kuwa ni adabu yangu.

Matokeo ya kupunguza hamu kwa muda mrefu yanaonekana kwenye mizani. Jaribio kubwa la semaglutidi lililochapishwa 2021 lilihusisha watu 1,961. Baada ya majuma 68 waliotumia dawa walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliopewa dawa bandia asilimia 2.4, ingawa wote walipewa ushauri uleule wa lishe na mazoezi. Tirzepatidi kwa kipimo cha juu ilifika karibu asilimia 21 katika majuma 72. Jaribio jingine la mwaka 2023, lenye watu zaidi ya 17,000 waliokuwa na ugonjwa wa moyo na uzito mkubwa lakini bila kisukari, lilionyesha kwamba semaglutidi ilipunguza kwa asilimia 20 vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi vikihesabiwa pamoja. Mwenye kilo 100, kwa wastani, anaelekea 85 baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kwa goti linalouma na shinikizo la damu lisilotii vidonge, hizo kilo 15 ni maisha mengine.

Sasa hoja ya uvivu. Inasemwa hivi: babu zetu walilima, walitembea kutoka Mbale hadi Kisumu kwa miguu, hawakujua sindano wala jimu, na hawakunenepa, kwa hiyo anayenenepa leo amejitakia, na anayedungwa anakwepa jasho. Sehemu ya kwanza ina ukweli. Mazingira yamebadilika: unga wa sembe uliokobolewa umesukuma kando ule wa mtama na wimbi, mafuta ya kupikia yanapimwa kwa kikombe dukani kwa bei ya kila mfuko, na boda boda inakuchukua kutoka mlangoni hadi stejini. Lakini hitimisho halifuati. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliwakuta takriban wanawake 45 katika kila 100 wakiwa na uzito uliozidi au unene, na wanaume 19. Anayeshikilia kwamba kiini ni uvivu lazima atuambie kwamba wanawake wa Kenya ni wavivu zaidi ya mara mbili kuliko waume zao. Aende soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, awatazame wale kina mama wanaoshusha magunia ya mboga kabla ya jua kuchomoza na kurudi nyumbani jioni kuanza kazi ya pili, halafu awaambie ana kwa ana.

Kuna na ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha habari za watu 50 wenye unene waliowekwa kwenye lishe kali kwa majuma kumi. Walipungua kweli. Lakini mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado juu na zile za shibe bado chini, na wenyewe walisema wana njaa kuliko kabla ya kuanza, hata pale kilo zilipokuwa zimeanza kurudi. Mwili hauchukulii mafuta yaliyopotea kama ushindi. Unayadai kama deni. Anayepungua kwa nguvu ya nia anaishi na mdai mlangoni kila siku, na wengi hatimaye hulipa. Mtu aliyezaliwa na mdai mpole hana haki ya kuita hilo udhaifu wa tabia. Kama homoni ya kudungwa mara moja kwa wiki inaweza kumfanya mtu apite kibanda cha bhajia bila kugeuka, basi kilichokuwa kinamgeuza hakikuwa dhambi.

Huku Nyanza na Magharibi tuna sababu yetu ya pekee ya kuwa makini na maneno. Kuna kizazi kizima kilichojifunza kusoma mwili wa jirani: akinenepa, anaendelea vizuri; akipungua, minong'ono inaanza, maana miaka ya tisini na elfu mbili kupungua kulikuwa na jina moja tu. Mpaka leo, mama anayepungua kwa makusudi huko Homa Bay au Siaya hulazimika kujieleza. Na kuna jambo ambalo halizungumzwi kabisa katika mjadala huu: dolutegraviri, dawa iliyo ndani ya kidonge kinachotumiwa sasa na wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, inahusishwa na kuongezeka uzito, hasa kwa wanawake. Ni dawa nzuri mno na hakuna anayepaswa kuiacha kwa sababu ya mizani. Kuiacha ni kurudi tulikotoka. Lakini ina maana kwamba katika kaunti hizi za ziwa, zenye mzigo mkubwa wa UKIMWI kuliko karibu zote nchini, wapo walionenepa wakifuata maagizo ya daktari kikamilifu. Huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba amekosa nidhamu. Nidhamu ndiyo iliyomweka hai.

Tukiishaiondoa hoja hiyo dhaifu, zinabaki zenye uzito, na hizi nazichukulia kwa heshima. Ya kwanza: ukiiacha dawa, uzito hurudi. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya jaribio lile la 2021 kumalizika walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya kile walichopoteza. Wapinzani wanasema hii inathibitisha kwamba dawa haiponyi. Ni kweli haiponyi. Kidonge cha shinikizo la damu pia hakiponyi; ukikiacha, shinikizo hupanda, na hakuna anayekiita utapeli. Ambacho hoja hii inatufundisha ni kuhusu pesa. Anayekusanya za chama ili anunue kalamu mbili au tatu za sindano, apungue kabla ya harusi ya Desemba, kisha asimame, amenunua miezi michache ya hamu iliyotulia na mwaka mmoja wa hamu iliyorudi na hasira. Mtu asiyeweza kuona atailipiaje kwa miaka ni afadhali asianze, isipokuwa daktari amemwona na hatari nyingine kubwa zaidi.

Ya pili: dawa zinazogusa ubongo ili kupunguza hamu zina historia mbaya. Hii nayo ni kweli. Mchanganyiko ulioitwa fen-phen uliondolewa sokoni Marekani mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Rimonabanti iliondolewa Ulaya baada ya kuwatia watu huzuni nzito. Sibutramini ilisimamishwa 2010 kwa sababu ya moyo, na tangu hapo imekuwa ikikutwa imefichwa ndani ya chai na kahawa "za asili" za kupunguza tumbo, zile zile zinazouzwa kwenye matatu na kwenye simu. Hofu ya watu wazima inatokana na kumbukumbu, si ujinga. Tofauti ni kwamba kundi hili la GLP-1 limetumiwa na wagonjwa wa kisukari kwa miaka zaidi ya 20, na mwaka 2024 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilipochunguza madai kwamba zinaleta mawazo ya kujiua hazikupata ushahidi kwamba ndizo chanzo. Madhara yanayojulikana yapo: kichefuchefu, kutapika, kuhara au choo kufunga, hasa kipimo kinapopandishwa, mara chache vijiwe vya nyongo na kuvimba kongosho. Mjamzito hatakiwi kuzitumia, na anayepanga mimba huacha semaglutidi angalau miezi miwili kabla.

Ya tatu ndiyo ninayoipa muda zaidi, nayo haisemwi na wapinzani wala mashabiki. Ni sahani.

Katika uzito uliopotea kwenye jaribio la semaglutidi, sehemu ndogo ya washiriki walipimwa kwa mashine inayotenganisha mafuta na visivyo mafuta, na karibu asilimia 40 ya kilichopotea haikuwa mafuta. Misuli ilikuwa humo. Kila anayepungua hupoteza misuli kiasi fulani, iwe kwa sindano au kwa kufunga, na kwa mtu mnene sana hilo linaweza kuvumilika. Lakini washiriki hao walikuwa na washauri wa lishe, na wengi wao waliishi katika nchi ambazo nyama, maziwa na mayai ni kawaida ya kila siku. Chukua dawa hiyo hiyo uilete Bungoma au Ahero. Sahani ya kawaida ni mlima wa ugali, mboga pembeni, na kitoweo kidogo kama kipo. Punguza hamu kwa robo au zaidi. Nini kitaachwa? Ukidhani ni ugali, hujawahi kuona mtu mwenye kichefuchefu. Tumbo likikataa, harufu ya samaki ndiyo ya kwanza kukimbiwa, na nyama ya mafuta, na yai la kukaanga. Kinachobaki kinachokubalika ni chai, mkate mkavu, uji, tonge mbili za ugali mtupu. Yaani mtu anapunguza chakula, na katika kile kidogo kinachobaki anapunguza zaidi protini ambayo ndiyo ingelinda misuli yake. Mizani itamsifu. Miezi sita baadaye atashangaa kwa nini kupanda ngazi au kubeba mtungi kunamchosha zaidi ya alipokuwa mnene.

Ushauri wa nchi za wenzetu ni rahisi: anza na protini, malizia na wanga. Kwenye sahani ya uma na kisu hilo linawezekana. Kwetu, ugali ndio kijiko. Huli mrenda kwa mkono bila tonge, wala huchoti mchuzi wa omena kwa hewa. Kila kipande cha kitoweo kinasafiri kwenda mdomoni kikiwa juu ya wanga, na tumbo lililopunguzwa mwendo hujaa kabla ya kitoweo kuisha. Sioni kama tunahitaji kuacha ugali. Ninaona tonge linahitaji kuwa dogo na kitoweo kiwe kingi, na hilo ni jambo la mpishi na mpakuaji kabla ya kuwa la mlaji. Na hapo tunakutana na desturi. Katika nyumba nyingi za Waluhya firigisi bado ni ya mwenye nyumba, na vipande vinene vinafuata umri na jinsia. Wanawake ndio wengi wenye unene, na bila shaka watakuwa wengi katika foleni ya sindano. Wao wao ndio hujipakulia mwisho, wakabakiwa na shingo na mchuzi. Daktari anayeandika dawa hii bila kuuliza nani hupakua nyumbani ameandika nusu ya tiba.

Kwa bahati, chakula kinachohitajika hakipo mbali wala si cha anasa. Omena ina protini nyingi na kalsiamu, inauzwa kwa gorogoro. Maharagwe, njugu, ndengu, mayai ya kuchemsha, maziwa lala. Mboga za kienyeji kama managu na saga zina madini mengi kuliko mkate. Mgonjwa mwenye kichefuchefu huweza kuvumilia uji wa wimbi uliotiwa unga wa njugu au maziwa kuliko samaki wa kukaanga. Hakuna ugunduzi hapo. Kila mama aliyewahi kumlisha mtoto aliyetoka kuugua anajua hila hizi. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mwenye sindano kwamba sasa yeye yuko katika hali hiyo hiyo, na kwamba kutosikia njaa hakumaanishi mwili hauhitaji. Kumwambia mtu mnene ale, hata kama hataki, kunasikika kama mzaha. Ndiyo sababu hakuna anayemwambia.

Wapo wanaosema mjadala huu ni aibu katika nchi ambayo watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa kwa lishe duni. Nawaelewa, lakini mara nyingi mtoto aliyedumaa na mama mnene wanakaa nyumba moja na wanakula sufuria moja. Chakula cha wanga mwingi na virutubisho vichache kinamnyima mmoja na kumjaza mwingine. Sindano haiwezi kurekebisha sufuria. Inaweza hata kuificha shida, kwa sababu mama atapungua na takwimu zitapendeza huku kinachopikwa kikibaki kilekile.

Kuhusu bei na ughushi nitasema kwa ufupi kwa sababu wengine wameshasema. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutidi bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, na likaonya kwamba nyingine huenda zina dawa tofauti ndani, kama insulini. Mtu asiye na kisukari akijidunga insulini bila kujua anaweza kuzimia na asiamke. Tena kalamu ambayo haijaanza kutumiwa hutakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikishafunguliwa, Ozempic huvumilia majuma kadhaa ikiwa haizidi nyuzi 30. Kisumu mwezi wa Februari, stima ikipotea mchana kutwa, nyuzi 30 si ajabu. Dawa iliyosafiri kwenye begi la mtu kutoka uwanja wa ndege na kuuzwa kwa picha za WhatsApp haina anayejua imepita jotoni mara ngapi.

Je, serikali za kaunti zifanye nini wakati dawa za bei nafuu zitakapofika? Jaribu la kwanza litakuwa kuziacha ziwe bidhaa ya soko: mwenye pesa anunue, asiye nazo atazame. Jaribu la pili litakuwa kusema SHA, bima ya afya ya serikali, igharamie kila mtu, ahadi ambayo hakuna anayeamini, hasa hospitali zinazodai malipo yao ya nyuma. Njia ya katikati ipo, na kwa mara moja mkoa huu umetangulia wengine. Tangu 2001 mpango wa AMPATH ulioanzia Hospitali ya Moi, Eldoret, umekuwa ukifuatilia watu wenye UKIMWI kote Magharibi kwa miaka na miaka, na baadaye ukaunganisha humo shinikizo la damu na kisukari. Kliniki zetu zinajua jinsi ya kumpima mtu uzito kila anapokuja, kumuuliza anakula nini, kumpigia simu akikosa kuja, na kumweka kwenye dawa ya maisha bila kumvunjia heshima. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliozinduliwa 2023 wanapita nyumba kwa nyumba wakiwa na mizani na mashine za kupima sukari na shinikizo. Nchi nyingi tajiri hazina kitu kama hicho kwa wagonjwa wao wa unene. Kule mara nyingi mtu huagiza kalamu mtandaoni na kubaki peke yake na kichefuchefu chake.

Orodha ya Shirika la Afya Duniani imeshaonyesha pa kuanzia: watu wenye kisukari aina ya pili ambao pia wana ugonjwa wa moyo au figo, na unene juu yake. Hao wapo tayari katika madaftari ya kliniki za Jaramogi, hospitali ya rufaa ya Kisumu, za Kakamega na za Nakuru. Wakianza hao, na kipimo kikapandishwa polepole na mhudumu anayewajua, tutajifunza mambo ambayo hakuna jaribio la Marekani litakalotufundisha: kichefuchefu kinafanya nini kwa mtu wa omena, misuli inapotea kiasi gani kwa mkulima anayeshika jembe kila siku, na familia inaitikiaje mama anapoacha kumaliza sahani. Mizani peke yake haitatosha kwa kazi hiyo. Ningependa kwenye kadi ya mgonjwa, kando ya kilo, pawe na nafasi mbili zaidi: moja ya kuandika alikula protini gani jana, na nyingine ya kuandika kama aliweza kusimama kutoka kwenye kiti mara tano bila kujishika.